Karakana ya Mama Bénie

Hasira ya Kanyere ilianza asubuhi ile askari walipokuja kubeba mota yake, na haikuwa juu ya askari peke yao. Hao aliwatarajia. Katika Butembo ya miaka ile ya vita, mtu mwenye kitu kizuri uani mwake alijua kwamba siku moja lango lake litapigwa teke. Ambacho hakukitarajia ni kumwona mume wake, Mathe, ameshika kamba upande wa pili wa lori, akiwaelekeza wale wezi kwa upole kama anayewahamisha ndugu zake.

"Pole pole, bakubwa. Musiangushe. Kaza hapa, chini ya gurudumu."

Aliwasaidia kufunga. Hilo ndilo lililomkaa Kanyere kooni kama mfupa.

Karakana ile haikuota yenyewe kama uyoga. Mathe alikuwa fundi wa malori, na kwa miaka mingi alifanya kazi Beni, katika gereji kubwa ya tajiri mmoja wa usafirishaji. Vita ya kwanza ilipofika, askari wa serikali waliokuwa wakikimbia walipita pale wakaifagia gereji nzima. Wakachukua magari, wakachukua vyuma, wakang'oa hata milango. Mathe akarudi Butembo, kwenye kiwanja chao cha mtaa wa Furu, akiwa na bisibisi moja mfukoni. Akaketi barazani na kutazama viganja vyake. Mvua ikaja, jua likaja, yeye yuko palepale.

Kanyere alikuwa na shamba Luotu, alilorithi kwa mama yake, akilima kabichi na viazi mviringo. Kila aliporudi sokoni alimkuta mumewe pale pale, mpaka siku moja alitua kapu lake mbele yake kwa kishindo.

"Papa Bénie, uko nangojea nani?" akauliza, akimwita kwa jina la binti yao.

"Garage ifunguke."

"Garage njo hii, ni hii," Kanyere akasema, akinyoosha kidole kwenye banda la mbuzi. "Ondoa mbuzi."

Wakaanza. Banda waliliinua kwa nguzo ndefu za mikalitusi na kuacha upande wa mashariki wazi, ili mwanga wa asubuhi uingie mpaka ndani. Sakafu waliijaza vipande vya matofali na udongo mwekundu, wakaushindilia mpaka ukawa mgumu kama kigae. Katikati wakachimba shimo refu, upana wake ukiwa mdogo kuliko nafasi ya kati ya magurudumu ya gari, wakalijengea matofali ndani na kulitolea mfereji, kwa maana mvua ya Butembo haina simile. Gari likiegeshwa juu, fundi anashuka shimoni na kufanya kazi amesimama, asilale tena matopeni.

Meza ya kazi ilitokana na mbao za bodi la lori lililopinduka kwenye mteremko wa Kabasha. Kanyere alizifuata mwenyewe kabla watu hawajazifanya kuni. Kisha alikataa katakata meza ipigiliwe mpaka Mathe asimame wima na kukunja mkono, aone kiwiko chake kinafika wapi. "Mugongo ikiharibika, hatuna ingine," alimwambia. Ukutani wakatundika ubao wenye misumari, na nyuma ya kila kifaa wakachora umbo lake kwa makaa, ili kifaa kikipotea, ubao wenyewe useme.

Halafu vikaja vile vyuma vizito. Hassan, msafirishaji wa Beni aliyekuwa akimbebea Kanyere kabichi zake tangu zamani, alimletea kutoka mpakani Kasindi jiliwa kubwa la chuma, lile la kubana kitu kwa meno mawili lisitikisike, ambalo mafundi wa Butembo huliita etau. Mwisho ikaja mota. Ilikuwa mota ya dizeli ya kinu cha mahindi kilichokufa huko Kyondo, na vijana waliishusha mlimani kwa miti mabegani, wakiimba na kutukana kwa zamu. Mathe aliifungua, akaiosha, akaizindua. Walipoiunganisha na mhimili mrefu uliopita chini ya dari, mota ile moja ikawa inavuta mikanda mitatu: ukanda wa jiwe la kunolea, ukanda wa keekee ya kutobolea, na ukanda wa pampu ya upepo iliyotolewa kwenye breki za lori bovu. Siku ilipounguruma mara ya kwanza, majirani walitoka nje wakidhani ni ndege.

Vyote vile vilinunuliwa kwa kabichi. Kanyere hakuwahi kulisema jambo hilo mbele za watu, kwa sababu ilikuwa raha kwake kusikia wakisema, "Twende kwa Mathe." Aliiona sauti ya mota kuwa jibu la kutosha.

Vita ya pili ikaleta wakubwa wapya. Waasi walishika Beni na Butembo, na askari wa nchi jirani nyuma yao, na kila mwezi kulikuwa na mkubwa aliyemfukuza mkubwa mwingine. Komanda mmoja alianza kuleta jeep zake kwa Mathe. Hakulipa. Mathe alizitengeneza akinyamaza, na Kanyere akanyamaza pia, kwa kuwa mwenye bunduki hadaiwi. Kisha asubuhi ile likaja lori tupu.

"Noki! Noki!" askari walipiga kelele kwa Kilingala chao cha kambini, kwamba watu wafanye haraka. Wakafungua mota. Wakang'oa etau, wakabeba pampu na keekee na vifaa vyote, hata ile meza. Na Mathe akashika kamba.

Lori lilipoondoka, Kanyere alisimama katikati ya karakana tupu. Ukutani yalibaki maumbo ya makaa, kila moja likionyesha kilichokuwa pale.

"Ulibasaidia kufunga," akasema.

"Kama ingeanguka ingevunjika."

"Sasa ikivunjika? Ni yao! Acha ivunjike!"

Mathe aliinama. Alikuwa akitazama matundu ya boliti yaliyobaki sakafuni.

Haikupita hata wiki, wale askari wakarudi. Mota ilikuwa imewagomea huko Beni. Walikuwa wameivuta, wameipiga, wameitukana, haikulia. Safari hii walikuja kumchukua fundi. Mathe alivaa koti lake, akamwambia Kanyere atarudi mara tu atakapoiwasha, akapanda mwenyewe bila kusukumwa.

Hakurudi.

Mwanzoni Kanyere alilia. Alikwenda misa kila asubuhi, alimwomba Mungu na watakatifu wote aliowajua, na baba mkwe wake, mzee Syauswa, alikuja kuomba pamoja naye. Binti yake, Bénie, aliacha kuuliza baba yuko wapi kwa sababu kila akiuliza mama alitoka nje. Miezi ikapita. Kanyere alishaanza kumhesabu mumewe miongoni mwa wale ambao miili yao haikuonekana. Ndipo Hassan alipokuja kuchukua kabichi, akasimama langoni akizungusha kofia yake mikononi kama mtu mwenye deni.

"Mama Bénie, nilimuona bwana yako kule Beni."

"Eko muzima?"

"Muzima kabisa." Hassan alikohoa. "Ananenepa hata."

Kanyere aliketi juu ya gunia. Alitaka kushukuru, na alishukuru kweli, kwa muda ambao mtu anaweza kushusha pumzi. Kisha lile neno *ananenepa* likaanza kutembea kichwani mwake. Jioni ile hakula. Asubuhi ya safari ya Hassan alijifunga kitenge kiunoni, akamwacha Bénie kwa babu yake, akapanda lori mbele.

Njia ya Beni ilikuwa mbaya na vizuizi vyake, zile barrière za askari, vilikuwa vingi. Kila penye kamba ya kizuizi, askari walitaka kitu, na kila mahali Hassan alicheka nao na kuwapa sigara. Kanyere alitazama mbele. Waliteremka Kabasha, baridi ya Butembo ikabaki nyuma, joto la Beni likawapokea na vumbi lake.

Gereji ya komanda ilikuwa mtaani Beu, karibu na soko, mlango wake ukiwa wazi barabarani. Kanyere aliisikia kabla hajaiona. Aliijua mota yake kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Akashuka, akatembea moja kwa moja mpaka ndani. Ile meza ilikuwa pale, mbao zilezile za lori la Kabasha. Etau ilikuwa juu yake, imepakwa mafuta, inang'aa. Na nyuma ya etau alisimama Mathe ndani ya ovaroli mpya ya buluu, mashavu yamejaa, akisugua kipande cha chuma kwa tupa na kupiga mluzi.

Mluzi ulikatika.

"Mama Bénie."

"Ndiyo, njo mimi. Yule uliacha anaomba misa juu ya roho yako."

"Njia ilikuwa mubaya. Nilitaka kutuma mutu..."

"Bongo! Unadanganya!" Kanyere alisema, na sauti yake ilifika sokoni. "Hassan anapita hapa kila siku! Lori yake haukuiona? Sema, balikufunga kamba? Wapi kamba? Nionyeshe ile kamba balikufunga!"

Mathe alitazama chini. Hakukuwa na kamba. Hakukuwa hata na mlinzi. Askari pekee aliyekuwa pale alikuwa amelala kivulini na bunduki mapajani, naye alizinduliwa na makelele. Wanawake wa sokoni walianza kusogea, wenye ndizi, wenye mafuta ya mawese, wenye watoto mgongoni. Hakuna kitu kinachokusanya soko kama mwanamke anayemgombeza mume wake mchana kweupe.

"Muniangalie!" Kanyere aliwageukia. "Hii etau ni yangu. Niliuza kabichi kwa kuipata. Ile mota inalia pale ni yangu. Ile meza, ni mimi nilibeba mbao. Bakaiba bintu, bakaiba na bwana. Bintu havina miguu, hivyo navisamehe. Mais huyu, lakini huyu eko na miguu!"

Kicheko kikapasuka, kisha kikafa ghafla. Komanda alikuwa ametoka ndani, fulana nyeupe, kandambili miguuni, mswaki mkononi. Hakuwa mtu mkubwa kwa umbo. Alimtazama Kanyere, akawatazama wale wanawake waliozidi kuwa wengi, akaelewa kwamba hapa bunduki ingemtia aibu kuliko kumsaidia. Akatabasamu.

"Mama, unataka nini?"

"Bintu vyangu."

"Vile ni vya mouvement, vya chama chetu. Mota, hapana. Umeme ya bureau yangu inatoka kwake." Akapiga etau kwa kiganja kama anayempapasa ng'ombe. "Mais mimi niko na roho muzuri. Hii chuma, nakupatia. Zawadi. Beba."

Wanawake wengine wakapiga makofi. Kanyere alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Kuibiwa alikuwa amekuzoea. Kuibiwa kulikuwa kama mvua ya mawe, kunapiga kabichi zako na kupita. Lakini kupewa zawadi kitu chako mwenyewe, mbele ya watu, na kupigiwa makofi!

"Hauwezi kunipa zawadi kitu yangu," akasema.

Makofi yakakoma. Mathe akafumba macho.

"Sema merci," komanda akasema, tabasamu likiwa bado mahali pake lakini macho yameshaondoka. "Mutu akipewa kitu, anasema merci."

Kanyere hakufungua kinywa. Alitazama ule mswaki, povu lililokauka kwenye kona ya mdomo wa yule mtu, akafikiri: huyu hata kusukutua kinywa hajamaliza, na ananifundisha adabu. Askari wa kivulini alikuwa amesimama sasa. Ndipo Hassan aliposukuma watu, akaingia, akainama kidogo.

"Merci mingi, mon commandant. Mungu akuongezee. Mama amechoka na njia, anashindwa na maneno." Na papo hapo akaanza kufungua boliti za etau kwa mikono yake.

Zilikuwa zimekazwa sana. Hassan alihangaika nazo mpaka Mathe, bila kuinua uso, alichukua ufunguo ubaoni na kuzifungua yeye. Kisha wale wanaume wawili waliibeba etau mpaka kwenye lori. Mathe aliitua taratibu, akaweka gunia chini yake isigongane na bodi. Kanyere alikuwa ameshapanda mbele. Alimpa mumewe nafasi. Alimtazama moja kwa moja, mlango wa lori ukiwa wazi, na kiti cha kati kitupu.

"Panda," akasema.

Mathe aligeuka kutazama gereji. Mota ilikuwa inaunguruma. "Nitakuja," akasema. "Acha nimalize ile kazi kwanza."

Kanyere alifunga mlango kwa nguvu hata kioo kikashuka chenyewe.

Njia nzima hasira yake aliimalizia kwa mwanaume aliyekuwa karibu. "Ulimupatia merci ya nini? Nani alikutuma? Mimi nilikataa, wewe unasema merci mu kinywa yangu!"

Hassan aliendesha. Walipofika juu ya Kabasha alisimamisha lori ili injini ipoe, akasema bila kumtazama, "Mama Bénie, ile merci ilikuwa ya kupita barrière. Haikuwa ya roho. Mimi natoa merci ya namna ile kila siku, tangu vita ianze. Kama zingekuwa za roho, roho yangu ingekuwa imekwisha."

Alisema kweli, na Kanyere alijua kwamba ni kweli, na hilo lilimuudhi zaidi. Aliendelea kutazama mbele mpaka Furu.

Meza haikuwepo, kwa hiyo Kanyere alitafuta kisiki kinene cha mkalitusi, akakifukia nusu yake ardhini na kuifunga etau juu yake. Kimo alikipima kwa kiwiko chake mwenyewe. Mota haikuwepo, kwa hiyo aliichukua baiskeli ya Mathe, akaigeuza kichwa chini, na gurudumu la nyuma likawa linazungusha jiwe la kunolea, ambalo askari walikuwa wameliacha, kwa pedali za mkono. Vifaa vya kuning'iniza ubaoni havikuwepo. Akachukua kitambaa chenye maji, akafuta yale maumbo ya makaa yote, moja moja. Hakutaka ukuta umwambie tena ni nini kilikosekana.

Alianza na kunoa majembe na mapanga, kazi ambayo hakuhitaji kufundishwa. Halafu ndipo akaja Phinées.

Phinées alikuwa mtu wa Kanyabayonga, kule kusini ambako majeshi mawili yalikuwa yakisukumana barabarani. Alikuwa na karakana yake pale karibu na soko, akitengeneza baiskeli na pikipiki, mpaka siku jeshi moja lilipoichoma kwa sababu jeshi jingine lilikuwa limelala humo. Alifika Butembo na mkewe, Rébecca, na fuko la funguo za kufungulia boliti alilolibeba begani badala ya godoro. Alikuwa anatafuta chumba cha kupanga. Akaiona etau juu ya kisiki, akasahau habari ya chumba.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Na fundi?"

"Hatuna fundi. Fundi eko Beni, ananenepa."

Phinées hakucheka. Alishika mkono wa etau, akauzungusha, akasikiliza. "Mimi niko na mafunguo bila etau," akasema. "Wewe uko na etau bila mafunguo."

Rébecca na Kanyere ndio waliopatana masharti. Phinées alikuwa ameshaanza kazi. Ilikuwa miaka ambayo pikipiki zilianza kumiminika Butembo kama nzige, na vijana walizipakia watu watatu na mbuzi mmoja kwenye barabara ambazo hata punda angezikataa. Minyororo ilikatika, vikanyagio vilipinda, spoku zilivunjika. Vyote vililetwa Furu. Phinées alimfundisha Kanyere kukata chuma, kunyoosha rimu kwa kuitazama inavyozunguka, kusukuma tupa kwenda mbele tu na kuinyanyua wakati wa kurudi. Alikuwa mwalimu mkali. Kanyere akikosea, alimnyang'anya chuma na kumrudishia kipya bila neno. Kanyere alimpenda kwa hilo. Wote wawili walikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hufanya kazi vizuri karibu na mwenzake ambaye hamwambii atulie.

Mtaani walisema maneno yao. Walisema Kanyere amejitwalia mwanaume wa kuletwa na vita. Rébecca alipoyasikia alikwenda kisimani penye wasemaji, akaweka ndoo chini na kuwaambia kwamba mwenye macho ya kuchungulia kitanda chake aje amwoshee na shuka. Maneno yakapungua.

Kisha waasi wa Beni wakageukiana wenyewe. Walipigana mjini, mkubwa akamfukuza mkubwa, na yule komanda akakimbilia mpakani na magari yote yaliyoweza kutembea. Siku chache baadaye, wakati Kanyere anasugua kikanyagio cha pikipiki, kivuli kilisimama langoni.

Alikuwa Mathe. Amekuja kwa miguu. Ovaroli ya buluu ilikuwa imechanika begani na mashavu yamerudi mahali pake. Mikononi hakuwa na kitu.

Kanyere aliendelea kusugua. Mbele, inua. Mbele, inua. Phinées aliacha kazi, akachukua koti lake, akatoka nje bila kuaga. Mathe akaketi chini penye lango, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa, na hakuna aliyemkaribisha mpaka Bénie alipotoka shule, akamwona, akapiga ukelele na kumrukia shingoni. Kanyere hakumkataza mtoto. Alipika chakula, akakiweka mbele ya Mathe, akaenda kulala na binti yake.

Jumapili baada ya misa mzee Syauswa aliita ukoo. Waliketi sebuleni kwake, wajomba na mashangazi, na mzee akasema kwa sauti yake ya upole.

"Mama Bénie, tunashukuru Mungu. Bwana yako alikuwa amekufa, ameonekana. Sasa ule mufundi mugeni arudi kwao, na mwenye atelier achukue karakana yake."

"Tata," Kanyere akasema, akimwita baba kwa lugha ya kwao, "naomba kusema."

"Sema."

"Mwenye atelier njo mimi. Siku balibeba mota, huyu alishika kamba. Siku nilimufuata Beni, nilimufungulia mulango ya lori, akakataa kupanda. Kiti kilikuwa kitupu, Tata, muulize. Nyumbani ataingia, ni baba wa mutoto, mimi hapana mufukuza. Mais kwa atelier, mukubwa ni Phinées. Kama anataka kazi, aombe kwa Phinées."

Chumba kikavuma. Shangazi mmoja alisema hajawahi kusikia mambo kama hayo tangu azaliwe. Mzee Syauswa aliinua mkono. "Mwanaume aombe kazi kwa parcelle yake, kwa kiwanja chake mwenyewe?"

"Ni hivyo, Tata."

"Na kama tukikataa?"

"Basi mukuje mubebe. Mutakuwa wa pili. Lori ya kwanza ilitoka Beni."

Ndipo Mathe akainua kichwa, akasema, "Tata, acha. Nitaomba kwa Phinées."

Na akaomba. Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya mtu wa Kanyabayonga, mdogo kwake kwa umri, akaomba kazi. Phinées alimtazama Kanyere, Kanyere akatazama pembeni, Phinées akampa Mathe rundo la minyororo yenye kutu aioshe. Mathe aliiosha. Alifanya kazi vizuri, vizuri kuliko wote, na hakuna aliyemsifu.

Zilipita wiki nyingi kabla Kanyere hajauliza alilotaka kuuliza. Walikuwa wawili tu shambani Luotu, wakipalilia viazi, kila mmoja kwenye tuta lake. Alikuwa ameliandaa swali lile muda mrefu, na jibu lake alilijua: angesema aliogopa. Alikuwa hata amejiandaa kulipokea, kwa kuwa woga ni wa kila mtu, na yeye mwenyewe siku ile mbele ya ule mswaki alikuwa ameuonja.

"Juu ya nini haukupanda lori?"

Mathe alisimama, akaegemea jembe.

"Wataka nikuambie niliogopa," akasema. "Ningesema vile, ungenisamehe upesi. Mais haikuwa woga. Pale Beni nilikuwa na mafunguo yote, seti nzima, hakuna hata moja ilikosekana. Poste ya kuchomelea. Mafuta, tele. Nikiomba kitu asubuhi, jioni kiko hapa. Maisha yangu yote sijafanya kazi vile. Nilipenda ile kazi, Kanyere. Nilijua ni bintu vya kuiba. Nilijua viko vyako. Nikapenda tu."

Alimwita kwa jina lake, jambo ambalo hakulifanya tangu Bénie azaliwe.

Kanyere alisikia hasira ikimwingia upya, safari hii baridi, kutoka miguuni. Woga angeusamehe. "Na mimi nilikupatia nini?" akauliza. "Ile meza nilipima na mukono yako. Mota nilitoa Kyondo. Ilikuwa kidogo?"

"Haikuwa kidogo."

"Ilikuwa nini sasa?"

Mathe alifikiri. "Ilikuwa deni," akasema. "Kila nikishika nyundo niliona kabichi zako. Kule sikuwa na deni na mutu."

Kanyere aliokota donge la udongo, akamrushia. Lilimpiga kifuani likapasuka. Akaokota jingine, akarusha, likamkosa. Mathe hakujikinga wala hakukimbia. Alipomaliza kurusha, Kanyere alirudi kwenye tuta lake na kupalilia mpaka mwisho wa shamba, haraka, akikata magugu na hata viazi vichache pamoja nayo.

Barabara ya kusini ilipofunguliwa, Phinées na Rébecca walirudi Kanyabayonga. Kanyere aliwakasirikia kwa kuondoka, akawapigia kelele kwamba watachomewa tena, kisha akawafungia viazi gunia zima na kulia bila kujificha. Karakana ikabaki na watu wawili.

Ufunguo wa mlango unakaa kwenye pindo la kitenge cha Kanyere. Wateja huongea naye kwanza, naye humwambia Mathe la kufanya, na Mathe akiona kuna njia bora zaidi husema, na mara nyingine Kanyere hukubali. Kuna siku wanacheka. Kuna siku neno dogo, bisibisi isiyorudishwa mahali pake, linamkumbusha kila kitu, na Mathe hujua kwa namna mkewe anavyosukuma tupa, na huondoka kwenda kuoga mapema.

Watu wa ukoo humuuliza Kanyere kama ameshamsamehe. Huwajibu kwamba pikipiki tatu zinangoja langoni, kisha huinama kushika upande wake wa injini.

"Inua upande wako," humwambia mumewe.

Naye huinua.